Habari Niliyoikalia

Kazi yangu ilikuwa kuvisha watu wazima. Nikiwaambia hivyo Waswahili wenzangu wa hapa Brussels, wanadhani natunza wazee, kama wafanyavyo nusu ya wanawake wa Bujumbura waliofika mji huu, na mimi huwaacha wadhani, maana maelezo ni marefu na chai inapoa. Ukweli ni kwamba nilikuwa navisha waigizaji. Kuna ukumbi mdogo wa maigizo katika kichochoro kinachochepuka kutoka Chaussée d'Ixelles, nyuma ya duka la viatu. Mle ndani, nyuma ya pazia, nilisimama gizani miaka tisa, pini zimejaa kifuani na tochi ndogo nimeibana kwa meno, nikimngoja mtu atoke jukwaani mbio, nimvue gauni, nimvalishe jingine, nimsukume arudi kabla watazamaji hawajamkosa. Vifungo mnavyoviona kwa mbele ni vya uongo. Kwa ndani nimeshona mikanda ya kunata, kama ya viatu vya watoto, na mtu mzima anavuliwa kwa mvuto mmoja.

Nilikuwa fundi cherehani Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, kabla vita havijatuondoa. Kutoka hapo nikakaa Nairobi miaka sita nikisubiri karatasi, na huko ndiko nilikookota Kiingereza changu. Kiingereza hicho ndicho kilichonikutanisha na Madamu. Ukumbi ulikuwa umeamua kuonyesha mchezo wa kuchekesha wa Kiingereza, wakamleta mwigizaji kutoka London, mwanamke aliyepita sabini, na katika wavishaji watatu ni mimi peke yangu niliyeweza kuelewa akitukana. Kila mtu mle ndani alimwita Madame, mimi nikamwita Madamu, na yeye alichukia yote mawili.

Alikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia na mkali kuliko nilivyotaka. Siku ya kwanza nilipomgusa mgongo alisema, "Mikono yako ni ya baridi." Nikamjibu, "Na ulimi wako ni wa moto, tutapata uvuguvugu." Akanigeukia, akanitazama weee, halafu akainua mikono nimvalishe. Tulianza hivyo.

Maisha yake alinipa vipande vipande, nikiwa nimepiga magoti nampandisha pindo au nambana kiuno. Hakuyasimulia kwa mpangilio. Nimeyapanga mwenyewe baadaye, kwa hiyo kama kuna kosa ni langu. Baba yake alikuwa kondakta wa basi katika mji wa viwanda huko kaskazini mwa Uingereza, mama yake akifagia sinema. Asubuhi alimfuata mama yake kazini, akawa anacheza peke yake mbele ya lile pazia jeupe wakati mama anaokota maganda chini ya viti. Alipofika miaka kumi na sita aliingia kwenye ukumbi wa mji mmoja wa kitalii, kazi yake kuchemsha chai na kufagia, hadi mwigizaji mmoja alipougua na ikaonekana yule wa chai anayajua maneno yote kwa kuyasikia tu. Huko walionyesha mchezo mpya kila wiki. Mchana unajifunza wa wiki ijayo, jioni unacheza wa wiki hii, na kichwani bado unao wa wiki iliyopita. Alisema ile ndiyo shule, na kwamba waigizaji wa siku hizi wanaopewa miezi miwili kukariri maneno wamedekezwa.

Baadaye ikawa London, majukwaa makubwa, jina lake limeandikwa mlangoni kwa taa. Halafu televisheni. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa muuguzi mkuu katika tamthilia iliyotazamwa na nchi nzima, na hilo halikumtoka. Hata hapa, Jumapili moja tulipokwenda pamoja sokoni, kando ya stesheni ya Gare du Midi, Mwingereza mmoja mzee alimfuata hadi kwenye ndoo za zeituni, akapandisha suruali amwonyeshe goti linalomuuma. Madamu aliinama akalibonyeza, akamwambia apunguze chumvi. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye sanduku la machungwa. Yeye hakucheka. Alisema watu wakikutambua huwezi kuwapita tu, ni kama kumpita mtu aliyekupa chakula.

Kwenye filamu walimpenda afe. "Nimekufa mara kumi na moja," aliniambia. "Kwa sumu, kwa risasi, kwa kifua kikuu mara mbili. Siku nikifa kweli watasema nimezidisha." Alipopita hamsini wakampa umama, alipopita sitini wakampa ubibi, na mwisho akapewa kuwa maiti tangu filamu inaanza, amelala mezani hana neno hata moja. Simu ikawa hailii tena. Ndiyo maana alikuja kuigiza nyuma ya duka la viatu, mbele ya Waingereza wa ofisi za Umoja wa Ulaya waliokumbuka nyumbani. Lilimuuma jambo hilo, wala hakulificha.

Katikati ya yote hayo alizaa binti mmoja. Baba wa mtoto hakukaa. Mtoto alilelewa na bibi yake, yule mfagiaji wa sinema, na mama akawa mtu wa Jumapili, na Jumapili nyingine hata hakufika. Mtoto alipokuwa darasa la kwanza aliulizwa na mwalimu mama yake yuko wapi, akajibu yuko kwenye televisheni, Alhamisi saa mbili. Madamu alinisimulia hilo akijipaka poda, na mkono wake haukusimama. Walipokuja kukosana, binti akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, walikosana kabisa. Miaka mingi hawakusemezana. Ni saratani ya binti iliyowarudisha. Madamu alipopewa kazi ya Brussels alimuuliza binti yake kama aikatae, na binti akamjibu, "Nenda. Umezoea kwenda."

Kwa hiyo kila Jumatatu, siku yetu ya mapumziko, alipanda treni ya London pale Midi, akarudi Jumanne mchana akiwa amekunjamana. Na kila siku nyingine alinikabidhi simu yake kabla ya kupanda jukwaani. Sababu ya kunikabidhi alinieleza wiki ya kwanza, na aliieleza akiwa amesimama, hakutaka nimguse. Mama yake, yule mfagiaji, alifia hospitali iliyokuwa mitaa minne kutoka ukumbi aliokuwa akiigiza. Ujumbe kwamba hali ni mbaya ulifika wakati wa mapumziko ya mchezo. Msimamizi wa ukumbi aliupokea, akaukunja, akautia mfukoni, kwa sababu tiketi zilikuwa zimekwisha na nusu ya pili haikuwa na mtu wa kuicheza. Akampa baada ya makofi. Alipofika hospitali walikuwa wameshatandika kitanda upya.

"Wakipiga, unaniambia," alisema. "Hata nikiwa jukwaani. Unapanda na tochi yako unaniambia mbele za watu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Apa."

Kwetu mtu haapi ovyo. Nikasema wallahi. Akauliza maana yake, nikamwambia, akaridhika.

Sasa lazima niseme jinsi nilivyopewa habari ya kifo cha baba yangu, maana bila hilo hamtanielewa, na hata nikilisema sijui kama mtanisamehe. Ulikuwa mwaka wangu wa pili hapa. Dada yangu mkubwa anakaa Laeken, upande wa pili wa mji huu, alitangulia kufika, na habari zote za Bujumbura hupitia kwake. Alinipigia asubuhi. "Papa anaumwa sana," alisema. "Alors, basi, uje hapa kwangu, sasa hivi." Sauti yake ilikuwa imenyooka. Hakuna aliyelia nyuma yake. Nilipanda tramu nikifikiria dawa, nikifikiria nani anaweza kumpeleka Kigali kwa daktari mzuri. Nilipofika nikaona viatu mlangoni, vya kike, vingi, vimepangwa hadi kwenye ngazi. Hapo nikajua. Lakini hakuna aliyenena. Niliingizwa, nikakalishwa kwenye mkeka katikati ya wanawake, nikawekewa sahani ya wali. "Kula kwanza, mdogo wangu," dada akasema. Nikala. Niliumaliza wali wote nikitazamwa na wanawake kumi na kitu waliokuwa wanajua kwamba baba yangu amezikwa alfajiri. Sahani ilipoondolewa ndipo mzee mmoja wa msikitini akakohoa, akaanza kusema.

Nilimkasirikia dada yangu mwaka mzima. Nilimuuliza, uliwezaje kuniacha nile? Akanijibu, "Ungekula saa ngapi?" Na kweli, sikutia kitu mdomoni siku tatu zilizofuata.

Hivyo ndivyo tunavyofanya. Mtu wetu hapewi kifo kwa simu. Anaambiwa fulani mgonjwa sana, njoo. Na anayeambiwa haulizi kama yu hai, maana kuuliza hivyo ni kumtakia mabaya. Anakuja. Anakuta watu, anakalishwa, analishwa, anashikwa mabega, ndipo anaambiwa. Nimeona ikifanyika hivyo tangu utoto, Buyenzi, Nairobi, Laeken, na sijawahi kuona mgonjwa sana wa simu aliyekutwa anapumua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, na mchezo ulikuwa saa tisa mchana. Simu ya Madamu ililia saa saba na nusu. Yeye alikuwa chini jukwaani, wanarekebisha mlango mmoja wa mandhari uliokuwa ukikwama. Mimi nilikuwa chumbani kwake nashona ndoano za gauni. Aliyepiga alikuwa mkwe wake, mume wa binti. Tulishaongea mara mbili tatu, mtu mpole, anayetamka taratibu kwa ajili yangu. Nilimwelewa kila neno, na hilo nataka lijulikane.

"Anaumwa sana," alisema. "Mwambie mama aje leo."

Sauti yake ilikuwa imenyooka. Nikaiweka sindano chini. Nikamuuliza, "Anaongea?"

Nilisikia mtu anapita na kitu chenye magurudumu. Kisha akasema, "Mwambie aje tu, tafadhali."

"Anakuja," nikamwambia. "Anakuja sasa hivi."

Nikakata, nikabaki nimeishika ile simu kwa mikono miwili. Katika akili yangu mtoto wa Madamu alikuwa ameshakufa. Sikuwa na shaka hata chembe. Nilishuka hadi chumba cha kufulia, kwa mama wa pasi. Huyu ni Mkongomani wa Lubumbashi, mtu wa kanisa, amezika watu wengi kuliko mimi. Nilimweleza maneno kama yalivyo. Aliisimamisha pasi wima, akaweka mkono kifuani.

"Eeh, maman. Ule mutoto alishakufaka," alisema. "Njo vile banasemaka: 'iko mugonjwa sana, kuya.' Ni kwa kumulinda maman yake asianguke njiani."

"Mimi niliapa kumwambia."

"Utamwambia. Lakini hapa, sasa, bantu banaingia, iko peke yake, hana ndugu? Atapanda train na hii habari peke yake? Non. Muache amalize kazi, akule kidogo. Kisha tuko naye wawili, tunamushika, unamwambia bintu byote bien. Muntu akikufa, haraka ya nini?"

Haraka ya nini. Niliukumbuka ule ujumbe uliotiwa mfukoni na msimamizi, sitadanganya kwamba nilisahau. Lakini nilijiambia mama yake alikuwa hai wakati ule, na huyu mtoto si hai, na kwamba yule alificha kwa ajili ya tiketi na mimi nasitiri kwa ajili yake mwenyewe. Nilijiona mtu mwema. Niliipanda ngazi nikiwa na uchungu na wema wangu, nikaosha uso kwa maji baridi, na Madamu alipoingia akauliza, "Kuna simu?"

"Hakuna," nikasema.

Nilimvalisha. Alicheza siku ile kuliko siku zote. Alikuwa bibi anayejifanya kiziwi ili asikie siri za wakwe zake, na kila alipofungua mdomo ukumbi uliangua kicheko hadi viti vikalia. Kwenye badiliko la haraka alitoka akihema, macho yanawaka, akaniambia, "Leo wako mkononi mwangu." Nikavuta, gauni likaachia, nikamvika lile la zambarau. Niliona uti wa mgongo wake, mifupa midogo midogo, nikamwombea dua kimoyomoyo. Akarudi mbio kwenye mwanga.

Simu ilitetemeka kwenye aproni yangu mara tatu wakati wa mchezo. Niliona jina la mkwe. Nilidhani wanataka kupanga habari za mazishi, na hayo si ya kuongea na mimi. Ujumbe wa maandishi nisingeweza kuufungua, simu ilikuwa na namba ya siri. Niliiacha itetemeke hadi ikachoka.

Mchezo uliisha saa kumi na moja na dakika ishirini. Walimrudisha mara nne kupigiwa makofi. Mama wa pasi alikuwa ameshaandaa supu ya dengu na mkate, ameketi pale kwenye kiti cha kona kana kwamba yuko hapo kila siku. Madamu alishangaa lakini alikuwa na njaa. Alikula. Nilimtazama akila, na ilipobaki chini ya nusu nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono miwili. Mama wa pasi alisimama nyuma yake, tayari kumdaka.

"Madamu, binti yako anaumwa sana," nilisema. "Wanasema uende."

Kwangu hayo yalikuwa maneno ya kifo, nikangoja apige kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa kuanguka, kwa kunipiga. Aliinuka kwa nguvu hata bakuli likamwagika. "Wamepiga lini?"

"Sasa hivi."

"Treni," akasema. "Kuna ya saa kumi na mbili na dakika hamsini." Akavaa koti juu ya gauni la jukwaani, rangi bado ziko usoni, mikunjo ya bibi niliyomwona akiichora kwa penseli, akaninyang'anya simu na kuteremka ngazi mbili mbili. Nilimkimbilia nikamsimamishia teksi. Kabla mlango haujafungwa alinishika shavu, akasema, "Asante kwa kutimiza neno lako."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea huruma. Nilibaki pale Chaussée d'Ixelles katikati ya watu wenye mifuko ya maduka nikisema, maskini, hajaelewa.

Jumatatu meneja wa ukumbi alinipigia nyumbani. Maonyesho yamesimamishwa, alisema, binti yake amefariki. Nikasema inna lillahi, nikasema najua. Akasema, "Jana, saa kumi na mbili na robo jioni, saa za huku. Mama mtu alikuwa bado Midi, kwenye foleni ya pasipoti."

Nilimwomba arudie saa. Akarudia. Niliuliza tena, akaudhika.

Saa kumi na mbili na robo. Saa saba na nusu alikuwa hai. Wakati nasema haraka ya nini alikuwa hai, na wakati wa gauni la zambarau, na wakati wa supu. Yule mkwe alisema anaumwa sana kwa sababu alikuwa anaumwa sana. Treni ya saa tisa kasoro dakika kumi ilikuwapo. Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni, nikaona haya hata kulia.

Siku kumi na mbili zilipita. Nilikwenda Laeken nikamweleza dada yangu, nikiwa natafuta wa kunikemea. Akaniambia ninyamaze. "Yamepita, alors unataka kumuumiza mara ya pili? Umefanya vile tulivyofundishwa." Nilimwambia tulifundishwa vibaya. Akaniuliza kama nadhani wazee wetu wote walikuwa wajinga, nikamwambia ndiyo, wote, na wali wao, nikatoka bila kuaga. Mama wa pasi yeye alilia, akaniambia tuombe. Sikuwa na la kuomba.

Madamu alirudi siku ya kumi na tatu. Yalibaki maonyesho matatu. Meneja alimwambia si lazima, akajibu kwamba hana kazi nyingine anayoijua. Aliingia chumbani mchana, amekonda, nywele zake mwenyewe zimechanwa vizuri, akaketi mbele ya kioo. Nilifunga mlango.

"Madamu, ile simu haikupigwa jioni," nikasema. "Ilipigwa saa saba na nusu."

"Najua. Simu inaandika saa. Niliona nikiwa kwenye foleni ya pasipoti, nilipoitoa kumpigia mkwe wangu." Alikuwa ananitazama kupitia kioo. "Nimekaa nikijiuliza kama utasema. Sasa umesema. Niambie kwa nini."

Nikamweleza. Nilianza na baba yangu, viatu kwenye ngazi, sahani ya wali. Nikamwambia kwetu neno hilo kwenye simu ni kifo, na kwamba nilidhani hakuna tena wa kuwahi. Nikamwambia nilitaka ale kwanza. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alikuwa akichezea kifuniko cha poda.

"Kwa hiyo muda wote ule ninawachekesha wale watu," alisema, "wewe ulijua unamvalisha mama aliyefiwa."

"Ndiyo."

"Na nilikuangalia usoni. Nakumbuka. Sikuona kitu."

"Hapana, hukuona."

Akatikisa kichwa polepole. "Miaka hamsini na tano ya kazi," akasema, "sijawahi kuigiza vizuri kama wewe siku ile."

Nikasema nisamehe. Aliinua mkono kunizuia, si kwa hasira.

"Mkwe wangu anasema ulimwambia nakuja."

"Nilimwambia hivyo."

"Basi naye akamwambia binti mwenyewe. Alikuwa macho, alikuwa anajua kila kitu. Akauliza nimepanda treni ya saa ngapi. Wakatafuta ratiba, wakahesabu pamoja. Sasa ametoka Brussels. Sasa amepita Lille. Sasa yuko chini ya bahari. Sasa ameshuka, anatafuta teksi. Hapo akaomba achanwe nywele." Madamu alikiweka kile kifuniko mezani. "Kutoka stesheni mpaka pale hospitali ni dakika ishirini. Walinisubiri saa nzima zaidi ya hizo. Mkwe wangu alipiga, hakuna aliyepokea. Akamwambia labda magari ni mengi barabarani. Yeye akasema hapana, unamjua mama, kuna mtu amemtambua njiani. Amesimama anaongea naye. Hakusema tena kitu kingine."

Nilikuwa nimeshika gauni mkononi. Nje kwenye korido kengele ya kwanza ililia, na tukasikia watazamaji wanaingia, wanavuta viti, wanacheka na kuitana. Madamu akainuka, akanipa mgongo, akaniambia nimvalishe, watu wamefika.